Goti Zima la Brett Moroz

Kefule! Watu wakisikia kwamba nimetunza vifaa vya timu ya magongo ya barafuni kwa miaka thelathini na moja, huniuliza swali moja tu: ile harufu unaiwezaje? Harufu gani? Nimeokota soksi zilizokauka jasho zikawa ngumu kama ubao. Nimeanika glavu zinazonuka panya aliyefia ukutani. Nimeokota meno ya watu sakafuni nikayatia kwenye kikombe cha maziwa ili daktari ayarudishe. Hayo yote hayajanitapisha hata siku moja. Kilichonitapisha ni karatasi yenye maneno matatu: chini ya kiuno.

Ligi inataka kila timu itaje majeruhi wake. Sisi watu wa mchezo huu hatusemi mtu anaumwa wapi. Ukivunjika kifundo cha mguu, karatasi inaandikwa "chini ya kiuno". Ukiteguka bega, "juu ya kiuno". Basi. Kwa nini? Kwa sababu wapinzani wakijua unapoumwa, gongo litakutafuta hapohapo. Wanafanya hivyo wale wa kwenye televisheni, na watoto wanaojifunza kuteleza wanafanya hivyohivyo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiziandika karatasi hizo kwa ajili ya Wavunaji wa Wolvern, timu ya vijana ya mji wetu huku kwenye mashamba ya Saskatchewan. Na nilijiona mjanja, tena mjanja wa kupigiwa mfano.

Brett Moroz alikuja kwetu ana miaka kumi na sita, beki, mrefu, mikono kama majembe. Mama yake, Lorraine, alikuwa akipika perogi, sambusa za kuchemsha zenye viazi ndani, kwenye ukumbi wa kanisa kila Ijumaa. Baba yake aliendesha mashine ya kuvunia mashamba ya watu. Asubuhi Brett alibadilisha matairi kwenye gereji, mchana akaja mazoezini. Si mtoto wa kelele. Alikuwa na ndoto moja tu, na aliitaja kwa sauti ya chini kana kwamba itamkimbia. Kuna chuo kikuu kimoja huko mashariki ambacho kocha wake alimwandikia: nitakuja Machi kukutazama fainali, nikikuona uko imara, nafasi ni yako.

Msimu ninaousimulia alikuwa ametimiza miaka ishirini. Kwenye ligi ya vijana, ukimaliza msimu huo, kwaheri. Asingeonekana Machi ile, angebaki na matairi yake mpaka azeeke.

Na goti lake la kulia lilikuwa bovu.

Halikuwa limevunjika. Afadhali lingevunjika, tungejua moja. Kulikuwa na mahali padogo chini ya pia ya goti, padogo kiasi cha kufunikwa na kidole gumba, ambapo kano inashuka kwenda kwenye mfupa wa muundi. Miaka miwili palimuuma. Ngazi za nyumbani kwao alizishuka kinyumenyume kama mtu anayeshuka kisimani.

"Goti limeamkaje leo, Brett?" nilikuwa nikimuuliza.

"Limeamka kabla yangu, Mzee Harlan. Ndilo lililoniamsha."

Sasa ngoja nikueleze waliyomfanyia, maana hapa ndipo roho yangu inapoanza kuchafuka. Walimpa barafu. Barafu asubuhi, barafu jioni, mpaka ngozi ikawa nyekundu, na goti likabaki vilevile. Wakampumzisha wiki sita nzima za kiangazi. Siku alipovaa viatu vya barafu tena, maumivu yalikuwa yanamsubiri pale pale mlangoni. Wakampa vidonge, akavimeza kama karanga mpaka tumbo likaanza kumkata. Akanunua mkanda wa sumaku kutoka kwa mtu wa kwenye maonyesho ya kilimo. Sumaku! Kana kwamba mtoto wa watu ni msumari.

Halafu golikipa wetu, Pascal Lavallee, akaja na chupa ya dawa ya kuchulia farasi. Harufu yake ilitutoa machozi chumba kizima.

"Farasi wa babu alipona kwa hii," Pascal akasema, anamchua mwenzake kwa nguvu zote.

"Yuko wapi huyo farasi?" nikamuuliza.

"Alikufa."

"Kwa goti?"

"Kwa uzee, bwana! Ila alikufa anatembea."

Tulicheka. Brett naye alicheka, huku ngozi ya goti inatoka malengelenge.

Vuli ile akachomwa sindano mjini, sindano ya steroidi, karibu na ile kano. Wiki tatu alikuwa peponi. Alishuka ngazi akiimba. Wiki ya nne maumivu yakarudi na jamaa zao. Kocha wetu, Vic Sorochan, hakukumbuka ile wiki ya nne. Alikumbuka zile tatu tu. Huyu Sorochan ana tabia ya kutafuna mbegu za alizeti kutwa, anatema maganda kwenye kikombe cha karatasi, na kikombe anakiacha popote ili mimi nikimwage. Nimekimwaga miaka tisa. Mfyuu.

Mtu aliyejua kazi alikuwapo hapahapa mjini, na hakuna aliyemwuliza. Ilse Thiessen, mtaalamu wa viungo, mama wa miaka sitini hivi, anakaa kliniki Jumanne na Alhamisi. Mimi nilimjua kwa sababu alinitibu mgongo. Januari nikampeleka Brett kwake kimyakimya. Ilse alimbonyeza mara moja tu, Brett akaruka.

"Kano imechoka, mwanangu," akamwambia. "Imepewa kazi kubwa kuliko nguvu zake, ikachakaa. Ukiipumzisha tu, inazidi kudhoofika. Ukiishtukiza, inazidi kuchakaa. Inataka mzigo mzito, polepole, siku baada ya siku, mpaka ijijenge."

"Hakuna sindano?"

"Sindano inaifunga mdomo kano isilie. Haiiponyi. Tena inaweza kuilainisha ikachanika. Asikuchome mtu tena hapo, umenisikia?"

Akamtengenezea ubao wa mteremko kwa mlango wa ghala lake la nafaka. Brett alisimama juu yake, visigino juu, vidole chini, chuma mabegani, akachuchumaa huku anahesabu mpaka nne, akainuka anahesabu mpaka nne. Maumivu kidogo ruksa. Yakizidi, punguza chuma. Kesho yake asubuhi goti likiuma kuliko jana, ujue ulitaka sifa.

"Kwa muda gani, mama?"

"Wiki kumi na mbili. Pengine zaidi. Bandu bandu humaliza gogo."

Ilichosha kuitazama, achilia mbali kuifanya. Hakuna chupa, hakuna mashine inayowaka taa, hakuna la kusimulia gerejini. Lakini wiki ya nne nilimpitia kwao asubuhi, nikamwona anashuka ngazi uso mbele. Lorraine alikuwa nyuma yangu na sufuria mkononi. Alinifinya mkono.

Sorochan aliposikia, alitema ganda likagonga ukingo wa kikombe.

"Wiki kumi na mbili! Kufikia hapo barafu yote ya mkoa huu itakuwa tope. Nani huyo mama? Alishawahi kucheza?"

"Kocha, dogo anapata nafuu," nikasema.

"Anapata miguu mizito, ndicho anachopata. Brett, achana na mambo ya kuchuchumaa kama kuku anayetaga. Unanisikia?"

"Ndiyo, Kocha."

Akaacha. Mimi nilisema nini? Nilikwenda kunoa vyuma vya viatu vya barafu.

Februari, timu ya Keld ilimpiga gongo goti la kulia mara tatu katika mchezo mmoja. Walishajua. Mara ya tatu Brett alirudi benchi amekauka uso, anapumua kwa pua. Hapo ndipo nilipopata wazo langu. Ndiyo, langu. Sikulazimishwa na mtu. Nilichukua bandeji nyeusi yenye vyuma ubavuni, ile kubwa inayoonekana hata juu ya soksi, nikamfunga goti la kushoto. Lile zima.

"Wakati wa kupasha misuli, chechemea huu," nikamwambia. "Waache wahangaike nao."

"Mzee Harlan, wewe ni shetani," akasema, anacheka.

Na ilifanya kazi! Tulivyofurahi! Wiki nzima magongo yakamfuata mguu wa kushoto, yanagonga kinga ngumu, yeye hasikii kitu. Pascal alianza kunivulia kofia kila nikiingia chumbani. Brett alizoea kuchechemea mguu usiouma mpaka hata gerejini akawa anachechemea huo. Karatasini niliandika kama kawaida: chini ya kiuno. Nje ya chumba chetu cha kubadilishia nguo hakuna aliyeijua hila hiyo.

Nusu fainali tukapangiwa Keld, kwao. Siku ya Jumapili mchana. Sasa, desturi ya ligi yetu ni hii: timu mwenyeji ndiyo inayoleta daktari, na daktari huyo anahudumia timu zote mbili. Kwa hiyo daktari wetu siku ile alikuwa daktari wa Keld, mtu mpole mwenye miwani. Mwanawe alikuwa mshambuliaji wao.

Saa moja na nusu kabla ya mchezo, Brett alikuwa hawezi kupiga magoti kufunga kamba za viatu. Sorochan akamwita daktari.

"Mchome kidogo, daktari. Alishachomwa vuli, ikamsaidia sana."

Daktari akakunja uso. "Mimi sipendi kuchoma kwenye kano. Ni goti gani?"

Brett alikuwa amekaa mezani na bandeji nyeusi mguu wa kushoto, kama nilivyomfunga mwenyewe asubuhi. Alimtazama daktari. Akanitazama mimi. Najua alichokuwa anawaza, kwa sababu na mimi nilikuwa nawaza hichohicho: huyu atamwambia mwanawe.

Brett akapapasa goti la kushoto.

Nilimtazama Sorochan. Nilidhani atasema neno, maana yeye ndiye aliyetaka sindano, na alijua bovu ni lipi. Unajua alifanya nini? Alinikonyeza. Alinikonyeza huku anatafuna mbegu zake.

Daktari akafungua bandeji. Bandeji niliyoifunga mimi. Akabonyeza. "Panauma hapa?"

"Aaah!" Brett akapiga kelele, akang'ata taulo. Alikuwa hodari kuigiza, maskini.

Sindano ikaingia. Niliiona inazama kwenye goti lisilo na ugonjwa wowote, goti zima alilopewa na Mungu, ili mshambuliaji mmoja wa Keld asijue siri ya Wolvern. Ningeweza kusema maneno mawili tu: siyo hilo. Nilikuwa na mkasi mkononi. Nikaanza kukata vipande vya bandeji ambavyo hakuna aliyevihitaji.

"Leo hachezi," daktari akasema akivua glavu. "Wala wiki mbili zijazo."

"Bila shaka, daktari," Sorochan akajibu.

Mlango ulipofungwa, Sorochan alicheka mpaka mbegu zikampalia. "Hata daktari wao tumemla! Sasa wataapa ni la kushoto! Dogo, wewe ni kiboko!"

Chumba kizima wakaangua kicheko. Brett alicheka. Nami nilicheka, nisikufiche. Kisha nikaenda chooni, nikatapika.

Alicheza siku ileile. Wakati wimbo wa taifa unaimbwa nilimwona yule daktari nyuma ya kioo, anamtazama Brett, halafu ananitazama mimi. Akatikisa kichwa mara moja, akageuka. Tukashinda. Na sikia kituko: baada ya mchezo wote wakawa wanaisifu sindano. Brett mwenyewe akaniambia, "Mzee, sijui niseme nini, ila hata la kulia limepoa." Limepoa! Sindano ilichomwa mguu mwingine! Ningekuwa na akili ningeona hapohapo jinsi tulivyokuwa tunadanganyana miaka yote miwili, na sumaku zetu na farasi wetu. Mwanamke wa ubao ndiye pekee aliyetuambia kweli, na huyo tulimfukuza.

Siku kumi na nane baadaye tulikuwa fainali, nyumbani, mchezo wa pili. Yule kocha wa chuo alikuja. Nilimwona amekaa safu ya tano, na daftari gotini. Lorraine alikuwa safu ya tatu, amevaa fulana yenye jina la mwanawe.

Hakuna aliyemgusa. Hilo ndilo linalonikereketa mpaka leo. Hakuna gongo, hakuna Keld, hakuna mtu hatua tano kutoka kwake. Kisahani, kile cheusi kinachogombaniwa kwa magongo, kilimpita, akajisukuma kwa mguu wa kushoto ageuke, na sauti ikasikika mpaka benchi. Kama kuni kavu. Alianguka, akajaribu kuinuka, mguu ukakataa kunyooka. Nilipomfikia na kuifungua ile bandeji nyeusi, pia ya goti ilikuwa imepanda juu pajani. Chini yake palikuwa na shimo. Kidole changu kilizama.

"Mzee," akasema, uso mweupe, "ni lipi?"

"La kushoto."

"Lile zima?"

Nilipogeuka, safu ya tano kulikuwa na kiti kitupu.

Hospitalini mjini, daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke kijana, mkali kidogo, na haki yake. Alikuwa na karatasi zetu zote mezani, za miaka miwili, mwandiko wangu.

"Kano haikatiki hivihivi kwa mtu wa miaka ishirini," akasema. "Goti hili lilikuwa na historia gani? Hapa mmeandika chini ya kiuno. Hapa tena chini ya kiuno. Kiungo gani? Mguu upi?"

Lorraine akanigeukia. "Harlan, bovu si la kulia? Kila siku tulikuwa tunalikanda la kulia."

Wahenga husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha maradhi ya mtoto wa mwenzangu, na aliyeumbuliwa ni yeye. Nikawaeleza. Bandeji, kuchechemea, Keld, daktari, sindano. Daktari wa upasuaji aliacha kuandika katikati.

"Ulikuwepo chumbani?" Lorraine akaniuliza.

"Nilikuwepo."

"Ukaona inaingia."

"Nikaona."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana, mimi matusi nimeyazoea. Alifungua mfuko wa plastiki wenye nguo za mwanawe, akaitoa ile bandeji nyeusi, akaiweka mapajani mwangu. "Hii ni yako," akasema, akaingia kwa mwanawe.

Karatasi ya ligi ya wiki ile Sorochan alinisukumia kama kawaida. "Chini ya kiuno," akasema. Nikaandika: Brett Moroz, kano ya goti la kushoto imekatika, alichomwa sindano goti lisilougua. Akanikodolea macho.

"Una wazimu? Unawapa watu ramani!"

"Ramani ya kwenda wapi, Vic? Pamebaki nini pa kupiga?"

Nikachukua kikombe chake cha maganda, nikakimwaga juu ya meza yake, juu ya karatasi, mate na kila kitu. Miaka thelathini na moja ikaishia hapo, na sina hamu nayo.

Brett alishonwa. Ilse alimpokea bila kumlaumu, jambo ambalo mimi nisingeliweza. Mguu wa kushoto ulipokuwa umefungwa ukiwa umenyooka, alimlaza kwenye mashine akawa anasukuma chuma kwa mguu wa kulia peke yake, polepole, kuhesabu mpaka nne. Baadaye wakarudi kwenye ule ubao wa mlango wa ghala. Mara tatu kwa wiki. Majira ya kupanda yakapita, kanola, zao letu la mafuta, ikachanua njano, ikavunwa. Mimi ndiye niliyekuwa nampeleka kwa gari. Lorraine aliniruhusu, lakini hajawahi kunikaribisha ndani.

Mwezi wa kumi, Brett alikuwa amekaa kwenye benchi la kliniki, bukta imepanda, mguu wa kushoto ameulaza juu ya benchi. Akanyoosha mguu wa kulia mbele yangu.

"Mzee Harlan, bonyeza."

"Niache, bwana."

"Bonyeza, wewe! Palepale. Kwa nguvu."

Nikaweka kidole gumba chini ya pia ya goti, mahali ninapopajua kuliko jina langu, nikabonyeza kwa uzito wangu wote. Nilimtazama usoni. Hakukunja hata nyusi.

"Hakuna kitu," akasema. "Limepona. Wiki kumi na nne za kuchuchumaa kama kuku, na limepona kabisa. Nisingeiacha ile niliyoanza Januari, Machi ningekuwa nimebakiza kidogo tu."

Ilse alikuwa dirishani, anaandika kitu, hakugeuka.

"Sasa ninalo moja zima," Brett akasema, na akacheka, kicheko kilekile cha chumbani siku ya Keld. Nikajaribu kucheka naye, nikashindwa. Alikuwa anachelewa gerejini. Akashika paja la kushoto kwa mikono miwili, akaliinua, akaushusha mguu sakafuni, akasimama.